Watu Wasiokula Kiapo

Wenyeji wa Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, wengi wao ni Waanglikana na Wakatoliki. Atakaye kuyaona makanisa mengi ya Marafiki, yaani Wakweka, yampasa kusafiri hadi magharibi mwa Kenya, upande wa Kaimosi, walikofika wamisionari Hotchkiss, Hole na Chilson kutoka Marekani mwaka 1902. Hata hivyo, liko jambo moja katika desturi zao ambalo mzee wa Kianyaga atalifahamu upesi. Marafiki hawali kiapo.

Si kwamba waikimbia kweli. Wao wasema kwamba mtu akiapa leo ili aaminike, amekwisha kukiri kuwa maneno yake ya jana yalikuwa na walakini. Katika karne ya 17 wengi wao walifungwa huko Uingereza kwa kukataa kuapa tu. Sheria ya Kenya humruhusu mtu wa namna hiyo kutoa ushahidi kwa kuthibitisha bila kuapa, na akisema uongo huadhibiwa vilevile.

Basi kumbukeni miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Kiapo ndicho kilichokuwa mlango wa vita. Wako waliokila kwa hiari, kwa ajili ya ardhi na uhuru, na wako waliolazimishwa usiku. Kulipokucha serikali iliuliza nani amekula, nayo ikaleta taratibu zake za kuwatakasa. Tangu mwaka 1954 watu waliondolewa katika maboma yao, wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi. Jirani akamwogopa jirani kwa maneno yaliyotamkwa gizani.

Rafiki mmoja Mwingereza, Bibi Eileen Fletcher, aliajiriwa na serikali katika kazi ya kuwarekebisha wafungwa, akafika Kamiti. Aliyoyaona huko, hasa habari za wasichana wadogo waliofungwa, hakuweza kuyanyamazia. Aliacha kazi, na mwaka 1956 akayaandika katika gazeti la Peace News huko London, hata yakafika Bunge la Uingereza. Gazeti la serikali la siku zile lisingalimshukuru. Nalitaja jambo hili kwa kuwa wengi hudhani mpenda amani ni mtu akaaye kimya.

Marafiki wa Kenya nao walipata mtihani wao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008 viongozi wao walikutana Kakamega, nao baadaye wakawaketisha pamoja waliofukuzwa makwao na majirani waliobaki, wasikilizane. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja.

Lakini makarani wasomao ukurasa huu huenda wakapendezwa zaidi na mikutano yao ya shughuli, kwa maana humo hawapigi kura. Karani husikiliza wote, kisha huandika palepale aonavyo kuwa nia ya mkutano, akaisoma kwa sauti. Mmoja akisema, “Sivyo tulivyokubaliana,” karani hufuta akaandika tena, ama shauri huahirishwa. Muhtasari hauandikwi ofisini siku ya tatu, baada ya mwenyekiti kuvuta kiti karibu na karani!

Ni njia ya polepole, nami nakiri kwamba kamati ya kahawa yenye deni la mbolea haitakuwa na saburi hiyo kila mara. Katika shauri la mpaka, hata hivyo, yafaa kuijaribu. Wazee tisa wakipiga kura dhidi ya wawili, neno limekwisha barazani, lakini wale wawili waenda nyumbani na majembe yao. Msimu wa mvua ukifika, ile mimea ya itoka iliyopandwa kuonyesha mpaka huonekana imesogea hatua mbili, na hapana aliyeisogeza.