Imani na Haki katika Kitabu cha Mwanzo (Sehemu ya Tatu): Nuhu Mbele ya Nchi Kavu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulimtazama Habili, aliyekubaliwa pamoja na sadaka yake, na Henoko, aliyekwenda pamoja na Mungu hata akatwaliwa. Maisha ya wote wawili yamesimuliwa kwa mistari michache tu. Kwa Nuhu mambo ni tofauti: habari zake zinachukua sura nne, ya 6 hadi ya 9, naye ndiye mtu wa kwanza ambaye Biblia inamwita mwenye haki. Haki hiyo ilikuwa ya namna gani? Jibu lililozoeleka ni kwamba Nuhu alikuwa mtu mwema kati ya waovu, na wokovu ukawa tuzo ya wema wake. Jibu hilo lina ukweli, ila limepungua. Simulizi lenyewe linaonyesha kwamba haki ya Nuhu ilisimama juu ya jambo moja: alilipa neno la Mungu uzito kuliko ushahidi wa macho yake. Alifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatazama nchi kavu.

Tuanze na mpangilio wa sura ya 6, maana wenyewe unafundisha. Mstari wa 5 unaeleza jinsi uovu wa wanadamu ulivyokuwa mkubwa, na miwili inayofuata inaeleza huzuni ya Mungu na hukumu yake. Mstari wa 8 unasema kwamba Nuhu alipata neema, ndipo wa 9 unamtaja kuwa mtu wa haki, na agizo la kujenga safina halitolewi mpaka wa 14. Kabla ya mstari wa 8 tunachojua juu yake ni kidogo sana: ni mwana wa Lameki, alipewa jina lililobeba tumaini la faraja, na akiwa na umri wa miaka 500 akawazaa Shemu, Hamu na Yafethi. Hakuna tendo lake jema hata moja lililokwisha kusimuliwa. Neema inatangulia, haki inafuata, kazi inakuja baadaye. Hapo mtu anaweza kupinga kwamba katika 7:1 Mungu anamwamuru aingie safinani kwa sababu amemwona kuwa mwenye haki. Ni kweli, wala mstari huo haukwepeki. Lakini unaeleza kwa nini Nuhu aliingia safinani. Hausemi haki hiyo aliipata wapi. Waraka kwa Waebrania, 11:7, unasema aliipata kwa imani, tena unamwita mrithi wa haki hiyo. Ujira hutolewa kwa aliyefanya kazi, ila urithi hupokewa. Safina basi haikumfanya Nuhu kuwa mwenye haki. Iliitoa hadharani haki aliyokuwa nayo.

Sasa tuitazame nchi kavu ya kwanza. Nuhu anaambiwa habari ya maji ambayo hakuna aliyeyaona, kisha anapewa vipimo: urefu dhiraa 300, upana dhiraa 50, kwenda juu dhiraa 30. Dhiraa moja ikikadiriwa kuwa sentimeta 45, tunapata chombo cha mita 135 kwa urefu, na zaidi ya mita 22 kwa upana. Kilikuwa na orofa tatu, kilipakwa lami ndani na nje, na mlango wake ulikuwa ubavuni. Msomaji wa pwani anayevijua vyombo vya baharini ataona upesi kilichokosekana katika maelezo hayo: hautajwi mlingoti, hayatajwi matanga, wala usukani. Nuhu aliagizwa kujenga chombo ambacho asingeweza kukiongoza. Hata mlango, kwa mujibu wa 7:16, Bwana ndiye aliyeufunga nyuma yake. Kila ubao uliopigiliwa ulikuwa ungamo kwamba neno alilosikia ni la kweli, ingawa mbingu juu yake na ardhi chini yake havikumpa dalili yoyote. Huo ndio uhusiano wa imani na kazi anaousisitiza Yakobo katika waraka wake. Mtu anayesema anaamini gharika inakuja huku hajakata hata mti mmoja, hajaamini.

Nchi kavu ya pili husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito zaidi. Gharika ilianza siku ya 17 ya mwezi wa pili, Nuhu akiwa na miaka 600. Maji yalipopungua alimtoa kunguru, kisha njiwa. Njiwa alirudi, baada ya siku saba alitolewa tena akarudi na jani la mzeituni, baada ya siku saba nyingine alitolewa na hakurudi. Siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, katika mwaka wake wa 601, Nuhu aliondoa kifuniko cha safina akaona uso wa nchi umekauka. Hata hivyo hakutoka. Alikaa mpaka siku ya 27 ya mwezi wa pili, karibu majuma manane, ndipo Mungu akasema naye kwamba atoke. Atasema mtu kwamba alikuwa anangoja matope yakauke sawasawa. Huenda busara hiyo ilikuwemo, kwa kuwa mstari wa 14 wa sura ya 8 unataja kukauka kwenyewe. Lakini mwandishi hakukufungamanisha kutoka kwake na hali ya udongo. Amekufungamanisha na sauti: Mungu alisema, Nuhu akatoka. Alikuwa ameingia kwa neno, akatoka kwa neno.

Tunaweza kuupima usomaji huu kwa kulinganisha. Mwaka 1872 George Smith, mtaalamu wa British Museum, aliutangazia mkutano wa wasomi jijini London kwamba katika vibao vya udongo vilivyofukuliwa Ninawi, katika Iraki ya leo, amesoma habari ya gharika. Ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, ambamo mzee Utnapishtim anasimulia alivyookoka katika chombo. Yeye pia alitoa ndege: njiwa, mbayuwayu, na mwisho kunguru. Kunguru alipokosa kurudi, Utnapishtim aliwatoa wote waliokuwemo na kutoa sadaka. Ndege walitosha kumwamulia. Nuhu naye alikuwa na ndege, na alikuwa na macho yake mwenyewe, lakini hivyo havikutosha. Hapo tunaondoa pia dhana kwamba imani ni kudharau ushahidi. Nuhu alichunguza kwa makini, hatua kwa hatua, kwa subira. Alichokataa ni kuufanya uchunguzi wake kuwa amri.

Yapo mapingamizi mengine mawili. La kwanza ni la kale. Marabi wa Kiyahudi walibishana kama Nuhu alikuwa mwenye haki kweli, au alionekana hivyo kwa sababu tu kizazi chake kilioza. Wanaomshusha hukumbusha kwamba Ibrahimu aliisihi Sodoma, ilhali Nuhu hasikiki akiombea yeyote. Katika habari yote ya gharika Mwanzo haunukuu neno lake hata moja. Lakini ukimya wa mwandishi si ushahidi wa ugumu wa moyo. Waraka wa pili wa Petro unamwita mhubiri wa haki, na Kurani, katika sura inayoitwa kwa jina lake, inamwonyesha akiwalingania watu wake usiku na mchana. Tena nabii Ezekieli, sura ya 14, anamweka pamoja na Danieli na Ayubu kama vielelezo vya haki, bila kumpunguzia chochote kwa sababu ya majirani zake.

Pingamizi la pili ni la shamba la mizabibu. Baada ya gharika Nuhu alilewa akalala uchi hemani mwake, aibu iliyozaa laana ndani ya ukoo. Je, huyu ndiye mwenye haki? Kama haki ingekuwa wema wake mwenyewe, pingamizi hili lingeiangusha hoja yote. Lakini katika 8:21, mara baada ya sadaka, Mungu anasema tena kwamba mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Maji yaliufuta ulimwengu wa kale bila kuisafisha mioyo, na moyo wa Nuhu ulikuwa mmoja wa hiyo. Mwandishi hakuificha aibu yake, kwa sababu hakuwa amejenga habari yake juu ya wema wa Nuhu.

Kutokana na hayo, anayetaka kumfuata Nuhu apime mambo mawili. Kwanza, je, neno analodai kuliamini limemgharimu kazi? Pili, je, anaweza kungoja hata pale macho yanapomwambia kwamba mlango uko wazi? Na ahadhari: Nuhu alikuwa amekwenda pamoja na Mungu muda mrefu kabla ya kuagizwa, na agizo lenyewe lilimtwika mzigo yeye ili wengine waishi. Anayedai kusikia sauti inayompendeza, isiyomgharimu kitu na inayowaumiza watu, asimtaje Nuhu kuwa mfano wake. Sehemu ijayo itamhusu Ibrahimu, ambaye imani yake ilihesabiwa kuwa haki kabla hajatahiriwa, na ambaye neno aliloahidiwa lilimngojesha miaka 25 hadi akamwona Isaka.