Taa nyekundu ya kuotesha nywele: tazama kichwa kwanza



Swali ninaloulizwa sana siku hizi pale ninapotibu ni hili: "Tabibu, ile taa nyekundu ya kuotesha nywele ni kweli au ni biashara tu?" Wanaume huuliza kwa utani huku wakijipapasa upara. Kina mama huuliza kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa.

Mama mmoja alikuja nayo kabisa ndani ya mkoba. Ilikuwa kitana cha plastiki chenye vitaa vyekundu kati ya meno yake, aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Dubai. Alikuwa ameitumia miezi saba bila kukosa. Muuguzi wa kike akiwa pamoja nasi, aliondoa ushungi, nikaona utosi ukiwa wazi, ngozi laini inayong'aa, na vile vitundu vidogo ambamo nywele hutokea havionekani tena. Kitana chake kilikuwa kizima. Tatizo ni kwamba kilimulika mahali ambapo shina la nywele limekwisha kufa na kovu kuchukua nafasi yake. Miezi saba ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa ukiendelea kutambaa pembeni wakati yeye akisubiri taa ifanye kazi.

Tuanze na taa yenyewe. Asili yake ni Hungaria. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa mjini Budapest alitaka kujua kama mwanga wa leza unaweza kuleta saratani. Aliwanyoa panya migongo, wengine akawamulika na wengine akawaacha. Saratani hakuiona. Alichoona ni kwamba wale waliomulikwa waliota manyoya upesi kuliko wenzao. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2007, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kitana cha leza kiitwacho HairMax LaserComb kiuzwe kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na mwaka 2011 ikaruhusu kwa wanawake. Baada ya hapo zimekuja kofia, mikanda ya kichwa, na vitana vya kila namna.

Mwanga unaotumika ni mwekundu, kwa kawaida wa urefu wa wimbi la nanometa 630 hadi 680. Si ule mwanga mkali wa jua unaounguza ngozi, na haubabui. Inaaminika kwamba ukifika kwenye shina la nywele, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu huupokea na kufanya kazi zaidi, na nywele iliyokuwa imelala huingia tena katika kipindi cha kukua. Elewa hapo: shina lazima liwe hai. Taa huamsha aliyelala, haifufui.

Je, inafanya kazi? Kwa upara wa kurithi, ndiyo, kwa kiasi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wanaume 128 na wanawake 141 walipewa ama kitana cha leza ama kitana kinachofanana nacho kisicho na leza, wakakitumia mara tatu kwa wiki kwa wiki 26. Wanawake waliopata leza waliongeza wastani wa nywele kama 20 katika kila sentimita moja ya mraba, na wale wa kitana cha uongo waliongeza kama 3. Kwa wanaume hali ilikuwa karibu na hiyo. Kichwa chenye afya kina nywele zaidi ya 100 katika eneo hilo, kwa hiyo 20 ni msaada, lakini si kichwa kipya. Pia utafiti huo ulilipiwa na mtengenezaji wa kitana. Sisemi kwamba walidanganya. Nasema muuza maembe asiwe peke yake wa kutuambia kama maembe yake ni matamu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Madaktari wa ngozi hugawa rangi za ngozi katika makundi sita, kuanzia nyeupe sana hadi nyeusi sana. Kitana kile kilijaribiwa, na kikaruhusiwa na FDA, kwa ngozi za kundi la kwanza hadi la nne. Wengi wetu tuko katika la tano na la sita. Rangi ya ngozi yetu hunyonya sehemu ya mwanga kabla haujafika chini, tena nywele zetu za kipilipili zilizoshonana huuzuia zaidi. Hii haina maana kwamba taa itakudhuru, wala kwamba haitakusaidia kabisa. Maana yake ni kwamba zile nywele 20 hazikuhesabiwa kwenye kichwa kama chako.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, ambalo ni kujua nywele zako zinapungua kwa sababu gani. Upara wa kurithi kwa mwanamume unajulikana: paji linarudi nyuma, utosi unafunguka. Kwa mwanamke nywele huwa haba katikati, njia ya kitana ikawa pana, lakini mstari wa mbele hubaki. Hiyo ndiyo aina ambayo taa imejaribiwa kwayo.

Lakini wengi ninaowaona hawana hiyo. Wana nywele zilizovutwa. Binti anasukwa tangu ana miaka minne, msusi anakaza mpaka macho yanavutika, usiku hawezi kulala kwa maumivu, na mama anasema "vumilia, zitalegea." Juu ya misuko hiyo anafunga kilemba cha kubana chini ya mtandio, kila siku, pini pale pale. Nywele za pembeni mwa paji na juu ya masikio ndizo zinazoanza kutoweka. Mwanzoni zinarudi zenyewe ukiacha kukaza. Ukiendelea kwa miaka, haziwezi kurudi tena. Hapa dawa ni kulegeza msuko na kubadilisha mahali pa kufungia, na haigharimu hata senti. Mtandio wenyewe hauna kosa. Kosa ni kukaza, na kufunika nywele zikiwa mbichi, jambo linalofanya kichwa kiwashe na kutoa mba.

Aina ya pili ni ile ya yule mama. Huanzia utosini na kupanuka kama duara, na huwapata hasa wanawake wenye asili ya Kiafrika. Mara nyingi kuna kuwashwa, kuchoma au maumivu ukigusa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baadhi yao wana hitilafu ya kurithi katika chembe iitwayo PADI3, kwa hiyo usimlaumu kila mwanamke kwamba ameharibu nywele kwa dawa za kulainisha. Ugonjwa huu huacha kovu. Hutibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, na lengo ni kuusimamisha pale ulipofika. Ndiyo maana wiki zina thamani. Dada zetu tunaojistiri tuna mtihani katika hili: hakuna jirani wala shoga atakayekuambia utosi wako umefunguka, na wewe mwenyewe huoni nyuma ya kichwa chako. Mwombe mumeo au binti yako akutazame utosi angalau mara moja kwa mwezi, mahali penye mwanga wa mchana.

Nywele za mzazi ni habari nyingine. Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, nywele huanguka kwa wingi, kitana kinajaa, mwanamke analia, na watu wanaanza kutaja kijicho. Ni kawaida ya mwili, na kwa wengi hurejea ndani ya mwaka bila chochote. Ukinunua taa wakati huo itapewa sifa isiyo yake, na utawashauri wenzako wanunue. Lakini kama mzazi huyo ana weupe wa macho na viganja, anachoka na moyo unamwenda mbio, apimwe damu. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi la shingo vyote hupunguza nywele, na hakuna mwanga utakaovitibu.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika ana mapunye. Hayo ni fangasi. Anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya mtabibu. Mafuta ya kupaka peke yake hayafiki ndani ya nywele. Kitana cha taa kikipita kichwani kwake kisha kwa dada zake, kitakuwa kimewagawia mapunye nyumba nzima. Kitana hicho, kama mswaki, kiwe na mwenyewe.

Ukishapimwa na kuambiwa ni upara wa kurithi, na uwezo unao, basi tumia kwa akili. Tazama boksi: limeandikwa nanometa ngapi? Kama hakuna tarakimu, umenunua taa ya mapambo. Maneno "imesajiliwa FDA" yasikutishe, kwani kusajili kiwanda si sawa na kuruhusiwa kwa kifaa, na hata hiyo ruhusa ina maana ndogo kuliko ile inayotolewa kwa dawa. Kama kimetoka Marekani, soma chaja. Umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230, na chaja isiyoandikwa 100 hadi 240 itaungua siku ya kwanza. Huko kwao vifaa hivi huuzwa kwa mamia ya dola, na baadhi ya kofia hupita elfu, kwa hiyo kinachouzwa mtaani kwa bei ya kandambili ukitilie shaka.

Osha kichwa kwanza, kausha, usipake mafuta. Fumua misuko na ugawe nywele ili ngozi ionekane, kwani mwanga haupiti kwenye msuko wala kofia. Fuata muda ulioandikwa, kwa vifaa vingi mara tatu kwa wiki au siku moja baada ya nyingine. Kuzidisha hakuharakishi, na mwanga mwingi mno unaweza kupunguza faida. Usiangalie leza kwa macho, wala usiache mtoto aichezee. Subiri miezi minne hadi sita kabla ya kuhukumu, na ujue kwamba ukiacha, faida nayo huondoka taratibu.

Mjamzito asitumie, kwa kuwa hajajaribiwa. Mwenye kidonda au uvimbe kichwani asiumulike kabla haujachunguzwa, na hapa nawasisitizia ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwapata sana kichwani na usoni. Anayetumia dawa zinazofanya ngozi ichukie mwanga, kama doksisaiklini, aulize kwanza.

Msomaji mmoja aliuliza kuhusu udhu. Taa haiachi kitu kichwani, basi hapo hakuna la kuhofia. Wanaopaka minoksidili, dawa ya upara iliyotumika kwa miaka mingi kuliko taa na ambayo ushahidi wake ni mwingi zaidi, ndio wenye hesabu ya kufanya, maana inatakiwa ikae kama saa nne bila kuoshwa. Kama umeandikiwa mara moja kwa siku, ipake baada ya swala ya Isha, iache ikauke kabla ya kulala, na Alfajiri utapaka maji bila wasiwasi.

Yule mama nilimpa barua aende kwa wataalamu wa ngozi. Kwa walio kanda ya kaskazini kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Dar es Salaam wapo Muhimbili. Utosi haukurudi, lakini duara halijapanuka tangu alipoanza dawa. Kama unaona haya kumwonyesha mwanamume kichwa chako, sema hivyo dirishani unapochukua kadi, uombe mtabibu wa kike. Ni haki yako, na tumezoea kuombwa.