Milioni 12 mkononi, gari la milioni 9

Aliyejibana miaka mitano akapata milioni 12 humwendea dalali na swali moja: "Kwa milioni 12 napata gari gani?" Hapo ndipo anapokosea. Gari halijawashwa, fedha zote zimeshapata mwenyewe.

Dalali wa Dar es Salaam atamjibu kwa herufi: hili namba D, lile namba E. Herufi inapandisha bei, lakini inaeleza tu gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitengenezwa lini. Toyota IST ya mwaka 2005 iliyoshuka bandarini juzi itavaa namba mpya, huku bushi na shokapu zake zikiwa na umri wa kijana aliyemaliza sekondari. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwenye kadi ya gari.

Anayeagiza mwenyewe Japani naye asidanganyike na bei ya mtandaoni. TRA hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, kisha VAT ya asilimia 18. Likizidi miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Rahisi ghali.

Kwa hiyo gawa fedha kabla hujatoka nyumbani. Milioni 9 ziwe za gari. Tatu zilizobaki zimlipe fundi uliyemchagua wewe, zihamishe umiliki, zikate bima, halafu zibadilishe oili, betri, brekipadi na tairi zilizoisha. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi na ule wa ushuru wa maegesho wa TARURA. Deni la muuzaji lisije likawa lako.

Imebaki hesabu ya kila mwezi. Kilomita 30 kwa siku, siku 26, ni kilomita 780. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 65. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ya EWURA ya mwezi huo. Jibu likigusa ada ya mtoto, gari hilo si lako bado.

Ukifika kwa dalali, ulizia gari la milioni 9. Zile tatu usimtajie.