Kwa nini watu hutegea kwenye kazi ya kikundi?

Siku ya kusafisha mfereji wametoka watu arobaini. Ikifika saa nne wanaochimba ni kumi na watano. Wengine wameegemea majembe, na wawili "wamekwenda kuangalia banio". Msikilizaji wa Tengeru au Nduruma anaijua picha hii. Kwenye miteremko ya Mlima Meru maji ya mfereji huenda kwa zamu, na tope lisipotolewa, mwenye shamba la mwisho kule chini ndiye mahindi yake hukauka. Ugomvi huanzia hapo.

Tunapenda kusema ni uvivu. Mara nyingi sivyo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapa watu kamba wavute, mmoja mmoja, kisha kwa pamoja. Walipofika wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Kweli, kuvuta bila kwenda pamoja kunapoteza nguvu. Lakini mwaka 1979 huko Marekani, Bibb Latané na wenzake waliwataka wanafunzi wapige kelele kwa nguvu zote. Waliodanganywa kwamba wanapiga na wenzao, kumbe kila mmoja yuko peke yake, nao walipunguza sauti! Baadaye, walipojua sauti ya kila mmoja inapimwa, kutegea kulikwisha.

Yaani mtu hulegea pale jasho lake linapochanganyika na la wengine.

Ndiyo maana kuupima mfereji kwa hatua na kumpa kila mtu kipande chake kunasaidia kuliko kuita "wote tuchimbe". Vikundi vya kuweka na kukopa vinafanya vivyo hivyo: hisa huhesabiwa mbele ya wote, na sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti.

Kuna kazi zisizogawanyika, kama kusogeza mawe ya banio. Hapo tungeita watu wachache, sita au wanane, kwa majina, na mmoja wa kuhesabu "moja, mbili, tatu".

Na vipande visipimwe sawa kwa upofu. Mjane mgonjwa akipigwa faini sawa na kijana aliyelala, kikundi kitavunjika haraka kuliko kwa kutegea. Nani apunguziwe, na nani amchimbie, mkubaliane kwenye mkutano, kabla majembe hayajatoka nyumbani.