UKIUGUA NA SHAURI LAKO BADO LINANGOJA UAMUZI

Wengi wetu tuna mashamba yetu, lakini pia tunafanya kazi ya kuajiriwa. Wengine hukata mkonge. Wengine huchuma chai. Wengine hukata miwa msimu ukifika. Leo tunazungumza juu ya mfanyakazi aliyeugua, akanyimwa mshahara, akapeleka malalamiko. Uamuzi bado haujatoka. Je, afanye nini wakati anangoja?

Kwanza ujue haki yako. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hii inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miaka 3. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara wote. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Kama mshahara wako ni shilingi 200,000 kwa mwezi, wakati wa nusu utalipwa kwa hesabu ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa msimu naye anayo haki ya likizo yenye malipo. Mtu asikudanganye kwamba wa msimu hana lolote.

Lakini lipo sharti. Lazima uwe na karatasi ya daktari, ile tunayoiita ED. Bila ED, mwajiri halazimiki kukulipa. Barua ya mwenye duka la dawa haitoshi.

Tuseme wewe ni mkata mkonge. Umekohoa kwa wiki nyingi. Umepimwa makohozi, ukaambiwa una kifua kikuu. Daktari amekuandikia ED ya siku 14. Msimamizi anaikataa. Anasema kukohoa si ugonjwa. Mwisho wa mwezi hulipwi.

Peleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ina ofisi mikoani. Utajaza Fomu Namba 1. Nakala moja mpe mwajiri, naye asaini kwamba ameipokea. Kama kuandika bado kunakupa taabu, mwombe mtu wa chama cha wafanyakazi akusaidie. Si aibu. Malalamiko ya kutolipwa yapelekwe kabla ya siku 60 kupita. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu. Ukichelewa kwa sababu ya kulazwa, omba Tume ikupokee, na uonyeshe karatasi za hospitali.

Msuluhishi hupewa siku 30 kuwapatanisha. Msipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na mwamuzi anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Unaona basi, huenda miezi mingi ikapita.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufikiri kwamba shauri likiwa Tume, wao wanaweza kukaa nyumbani tu. La. Shauri si ruhusa ya ugonjwa. Ruhusa ni ED, nayo ina tarehe ya mwisho. Ikiisha na wewe bado mgonjwa, rudi kwa daktari kabla ya siku hiyo kupita, uandikiwe nyingine. Kwa kanuni za kazi za mwaka 2007, kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Ulikuwa na haki, sasa umempa mwajiri silaha.

Kila ED itoe nakala. Mpe mwajiri moja, nyingine weka nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, panya na mvua wasiifikie. Mwajiri akikataa kuipokea, nenda tena na shahidi. Andika tarehe na jina la aliyekataa.

Sasa dawa. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6. Katika vituo vya Serikali hutolewa bure. Hata hivyo, asiyelipwa mshahara huona afadhali aache dawa akatafute kibarua mbali. Tunaelewa, watoto wanataka kula. Lakini vijidudu visipokufa vyote, vinaweza kuzoea dawa. Matibabu huwa magumu zaidi, na unaweza kuwaambukiza watoto hao hao. Kama ni lazima usafiri, mwambie mganga wa kituo mapema. Atakuandikia uendelee na dawa huko uendako.

Wagonjwa wengi wakinywa dawa vizuri kwa muda wa wiki 2 hivi, huacha kuambukiza. Nguvu nazo huanza kurudi baadaye. Daktari akiona unaweza kazi nyepesi, mwombe aandike hivyo kwenye karatasi. Rudi kazini na karatasi hiyo. Kurudi kazini hakufuti dai lako la siku ulizonyimwa mshahara.

Kuna anayeuliza: siku 126 zikiisha kabla sijamaliza dozi? Likizo yenye malipo imekwisha, ni kweli. Lakini mwajiri haruhusiwi kukuambia tu, "Nenda." Kanuni hizo za mwaka 2007 zinamtaka achunguze ugonjwa wako, afikirie kazi nyepesi, na akusikilize kwanza. Akikuachisha bila hayo, anza kuhesabu siku 30 kuanzia siku ile ile, kisha nenda Tume ukajaze fomu nyingine.