Kinyanga Kiwekwe Kundi Gani?

Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale ni lugha jirani mashariki mwa Kongo tangu zamani, lakini katika orodha za wanaisimu zimetenganishwa. Kihunde kimehesabiwa pamoja na lugha za Maziwa Makuu. Kinyanga kimeachwa na zile za msituni. Naona uamuzi huo ulifanywa mapema mno.

Mwaka 1948 Malcolm Guthrie, akiwa London, alizigawa lugha za Kibantu katika kanda na kuipa kila lugha namba. Kihunde kikawa D51. Kinyanga kikawa D43, kundi moja na Kinande na Kikonzo. Ukaribu kwenye ramani ulikuwa na uzito mkubwa katika mpango wake. Baadaye watafiti wa Tervuren, Ubelgiji, akiwemo A. E. Meeussen, walikusanya lugha za Maziwa Makuu katika kanda mpya, J. Kihunde, Kinande, Kikonzo na Kinyarwanda vikahamia huko. Kinyanga hakikuhama. Hata orodha ya Jouni Maho ya mwaka 2009 inakiacha D43, wakati Kinande, mwenzake wa kundi la kwanza, ni JD42.

Udugu wa lugha hauthibitishwi kwa maneno kufanana tu. "Tatu" ya Kiswahili na "-tatu" ya Kinyarwanda ni urithi wa Kibantu cha kale, hivyo hazitenganishi tawi na tawi. Maneno mengine huingia kwa soko na ndoa. Kinachothibitisha ni mabadiliko ya sauti au sarufi yaliyozuka kwa mzazi mmoja, kisha yakarithiwa na watoto wake peke yao.

Vitendea kazi vya kutafuta mabadiliko hayo vipo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alirekodi utendi wa Mwindo kutoka kwa Rureke, Mnyanga, na mwaka 1969 akauchapisha pamoja na Kahombo Mateene, matini yake ya Kinyanga yakiwemo. Mateene huyohuyo akatoa sarufi ya Kihunde mwaka 1992. Mwanafunzi wa isimu Goma anaweza kuvifungua vitabu hivyo viwili kwenye meza moja na kuanza.



Halafu aende Pinga, wanakokutana Wahunde na Wanyanga, akarekodi wazee. Machi 2025 vita vilifika Walikale mjini na watu wakakimbia. Wasemaji anaowahitaji wanazidi kutawanyika.