Ziwa Linapogeuka Uwanja



Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapeleka mbali, Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Ni mji wa chuo kikuu. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1848, mwaka uleule Wisconsin ilipofanywa jimbo, na maisha ya mji yanakwenda na kalenda yake: wanafunzi wakija mitaa inajaa, wakienda likizo inapoa. Mji umekaa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Ukisimama juu ya kilima cha Bascom, mahali chuo kilipoanzia, unaona maji ya Mendota kupitia miti.

Kabla ya chuo kulikuwa na watu. Taifa la Ho-Chunk limeishi hapo tangu zama ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu, nao hupaita Teejop, yaani maziwa manne. Mwaka 2021 wapiga mbizi walitoa ziwani Mendota mtumbwi wa gogo lililochongwa, mtumbwi kama ile mnayoiona kwenye mito na maziwa yetu. Wanasayansi walipoupima waligundua kuwa una miaka 1,200 hivi. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine, na huo una miaka ipatayo 3,000. Hebu fikirini: babu wa Ho-Chunk walikuwa wakivua samaki Mendota kabla hata Kilwa haijajengwa. Mwaka 1832 walilazimishwa kutia saini mkataba wa kuiacha ardhi hiyo, kisha serikali ikawafukuza mara kwa mara, na mara kwa mara wengi wao wakarudi kwao. Leo jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2019 juu ya kilima cha Bascom linayaeleza hayo, na kila mwanafunzi apitaye anaweza kulisoma. Nimeanza na hilo kwa sababu hadithi ya ziwa haifai kusimuliwa bila wenyewe.

Sasa tuje kwenye baridi.

Huko Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Januari kuna siku ambazo kipimajoto kinashuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na hata zaidi. Pumzi inageuka moshi mdomoni, kope zinashika barafu. Mtoto haendi shule mpaka amevaa koti zito, kofia, skafu, glavu na buti zenye manyoya ndani. Mtu angedhani watu wa Madison hujifungia ndani miezi mitatu wakisubiri jua. Wangapi wetu tungefanya hivyo! Wao hutoka. Na wanakokwenda ni ziwani, kwa sababu ziwa lenyewe limegeuka uwanja.

Mnaniuliza: ziwa zima lagandaje? Mendota si kidimbwi. Lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 40 na kina kinachofika mita 25. Siri iko kwenye maji yenyewe. Vitu vingi vikipoa husinyaa na kuwa vizito. Maji nayo hufanya hivyo, lakini yakifika nyuzi 4 juu ya sifuri hubadili tabia: yakizidi kupoa kutoka hapo, yanaanza kutanuka na kuwa mepesi. Kwa hiyo maji ya nyuzi 4 huzama chini, na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu, ndiyo yanayoganda. Barafu ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea, ikalifunika ziwa kama mfuniko wa sufuria. Chini yake maji yanabaki maji, na samaki wanaendelea na maisha yao taratibu gizani. Laiti barafu ingekuwa inazama, ziwa lingeganda kuanzia chini hadi juu na samaki wasingepona. Mambo ya namna hii yalichunguzwa sana hapohapo Mendota mwanzoni mwa karne ya 20 na maprofesa wawili wa chuo hicho, Edward Birge na Chancey Juday. Wao ndio walioiasisi elimu ya maziwa nchini Marekani, na Mendota likawa miongoni mwa maziwa yaliyochunguzwa zaidi duniani.

Barafu haiaminiwi siku ya kwanza. Wavuvi wanaitoboa na kupima unene. Ikifika sentimita 10 ya barafu safi, ngumu, mtu anaweza kutembea juu yake. Hata hivyo wazee huwaonya watoto wakae mbali na midomo ya mito na mahali penye chemchemi, maana hapo maji yanatembea na barafu huwa nyembamba. Usiku wa baridi kali barafu hutoa sauti. Inavuma, inanguruma, inapasuka mstari mrefu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kwa kuwa inatanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika. Mgeni hukimbia. Mwenyeji husikiliza, kwa sababu barafu inayonguruma kwa kawaida ni barafu inayozidi kukaza.

Basi ikishakaza, mji unahamia juu yake. Wavuvi wanapiga mahema, wanachimba matundu kwa keekee kubwa, wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na kushusha mishipi yenye chambo. Kandokando yao kuna wanaoteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, na kwenye bustani ya Tenney familia nzima zinateleza pamoja, bibi akiwa amemshika mjukuu mkono. Wengine wanavaa skii na kukata ziwa kwa miguu. Nyuma ya jengo la umoja wa wanafunzi, lililofunguliwa mwaka 1928 ukingoni mwa Mendota, wanafunzi hufanya tamasha la majira ya baridi, wakawasha moto na watu wakajikusanya kuuzunguka. Theluji nyingi ikianguka usiku, wanafunzi wa mabweni ya kando ya ziwa hukutana na wale wa kusini-mashariki juu ya Bascom, wakatupiana matonge ya theluji mpaka mikono ife ganzi. Na walikuwapo wanafunzi wa zamani walioteremka kilima hicho wakiwa wamekalia sinia za chakula za bwalo.

Lakini kinachonivutia mimi kuliko vyote ni mashua za barafu. Zina mlingoti, zina tanga, zina usukani, kama ngalawa za kwetu. Chini, badala ya mkuku, zina vyuma vitatu vyenye makali. Ngalawa inasukumana na maji, na maji ni mazito, yanaizuia. Mashua ya barafu haina kinachoizuia isipokuwa hewa na msuguano mdogo kabisa wa chuma juu ya barafu. Ndiyo maana inaweza kwenda mara tatu au nne ya kasi ya upepo wenyewe, na mashua za mashindano hupita kilomita 100 kwa saa. Nahodha analala chali, karibu mgongo uguse barafu, ameshika kamba ya tanga. Nina hakika baharia wa Lamu akipewa siku moja ya kujifunza angeielewa, maana upepo ni uleule na tanga ni lilelile.

Sasa niwasimulie kisa cha mwaka 1979. Vijana wawili, Jim Mallon na Leon Varjian, waligombea uongozi wa serikali ya wanafunzi wakaahidi kuileta Sanamu ya Uhuru kutoka New York hadi Madison. Nani angeamini? Sanamu ile ni ya shaba, ndefu kuliko minara mingi. Walichaguliwa mwaka 1978. Februari mwaka uliofuata watu waliamka wakatazama Mendota, wakaona kichwa kikubwa chenye taji kimechomoza juu ya barafu, na mkono ulioshika mwenge, kana kwamba mwili wote umezama. Vijana wakaeleza kuwa helikopta iliyokuwa ikiileta sanamu ilikatika kamba, sanamu ikaangukia ziwani! Kumbe ilikuwa ya mbao, wavu wa kuku na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mji mzima ukamiminika kuitazama. Wapo wanafunzi waliokasirika kwamba fedha zao zimetumika, kwani iligharimu dola 4,500 hivi. Varjian akapiga hesabu, akaona kila mwanafunzi alichangia senti 10, akawaandikia waliolalamika hundi za senti 10. Baadaye watu wasiojulikana waliichoma moto sanamu ile. Mwaka 1980 ikajengwa upya. Na katika miaka ya karibuni, barafu ikiwa nene ya kutosha, sanamu ya kujazwa upepo huwekwa palepale, na wazazi waliokuwa wanafunzi enzi zile huwaleta watoto wao kupiga picha.

Giza likiingia watu hurudi ndani, na hapo ndipo majira ya baridi yanapofanana na nyumbani kwetu. Wako wazee wetu wengi walioikataza ngano mchana. Ngano ni ya usiku, kazi ikiisha. Kwa Ho-Chunk, mwiko unafuata majira. Hadithi zao takatifu, ziitwazo waikan, husimuliwa wakati wa baridi tu, theluji ikiwa ardhini. Mzee akiombwa kuisimulia katikati ya kiangazi, hukataa. Baridi ni darasa la watoto wao.

Chuo nacho kilikuwa na mtambaji wake. Harold Scheub alianza kufundisha Madison mwaka 1970. Kabla ya hapo alikuwa ametembea kwa miguu kusini mwa Afrika, akisikiliza na kurekodi masimulizi ya Waxhosa, Wazulu, Waswazi na Wandebele. Safari zake zote zikijumlishwa zinapita maili 6,000. Kati ya waliomfundisha alikuwapo bibi wa Kixhosa, Nongenile Masithathu Zenani, aliyeweza kutamba hadithi moja siku nyingi mfululizo. Scheub aliporudi alifundisha somo la mtambaji wa Kiafrika kwa zaidi ya miaka 40, ukumbi ukijaa mamia ya vijana, theluji ikianguka nje. Alifariki mwaka 2019. Chuo hichohicho kinafundisha Kiswahili, na katika miaka ya 1960 kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika.

Baada ya Krismasi, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1, familia nyingi za Wamarekani Weusi, Madison na kwingineko, huwasha mishumaa saba ya Kwanzaa. Sherehe hiyo ilianzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, na siku zake zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mtoto wa Madison ambaye hajawahi kuona Mombasa wala Bagamoyo huyataja kwa sauti mbele ya kinara. Wahmong nao, waliofika Wisconsin kama wakimbizi kutoka Laos baada ya mwaka 1975, husherehekea mwaka mpya wao mavuno yakiisha. Wasichana na wavulana husimama mistari miwili wakirushiana mpira, mavazi yao yakilia kwa sarafu zilizoshonewa.

Wanangu, kuna jambo moja la kuhuzunisha, na sitaki kuwaficha. Tangu miaka ya 1850 watu wa Madison wameandika tarehe ambayo Mendota linafungwa na tarehe ambayo linafunguka. Kipimo chao cha zamani kilikuwa rahisi: je, mtu anaweza kupiga kasia kwa mashua kutoka rasi ya Picnic Point hadi Maple Bluff, ng'ambo ya pili? Akiweza, ziwa liko wazi. Akizuiwa na barafu, limefungwa. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa majira ya 1880 hadi 1881 barafu ilikaa siku 161. Majira ya 2001 hadi 2002 ilikaa siku 21 tu. Miaka hupanda na kushuka, lakini ukichukua wastani, barafu ya leo hukaa takribani mwezi mmoja pungufu kuliko ile ya karne ya 19. Sababu ni hewa ya dunia kuongezeka joto kwa moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Barafu ikichelewa, mashua hubaki bandani, wavuvi husubiri, na sherehe za ziwani huhamishiwa nchi kavu au huachwa. Ukumbi waweza kukodishwa, lakini uwanja wa kilomita za mraba 40 usio na ukuta, mlango wala kiingilio haupatikani popote.

Hayo yote tunayajua kwa sababu kulikuwa na watu wenye subira ya kutazama ziwa lao na kuandika tarehe, mwaka baada ya mwaka. Nanyi mnaweza. Chukueni daftari. Andikeni siku mvua za vuli zinapoanza kwenu, siku mto unapofurika na siku unapokauka, siku mwembe wa uani unapotoa maua. Waulizeni babu na bibi ilikuwaje walipokuwa watoto, na majibu yao yaandikeni pia. Anzeni mwaka huu, na daftari likijaa, mpeni mdogo wenu aendelee.